Mzee Aliyelalia Mkono

Msiniulize kwa nini siku hizi nachonga miiko na mabakuli tu. Watu wakiniuliza huwa nawaambia mkono umezeeka. Uongo mtupu. Mkono wangu ni mzima, na upande wetu wote huu wa Turkana hakuna mchongaji wa kunifikia, hata wanaonichukia wanakiri. Nimeacha kuchonga vigoda vya kulalia, basi. Leo nitasema kwa nini, maana jambo hili limenikaa kooni mwaka mzima.

Jioni hiyo nilikuwa nimeshuka mtoni kufukua gogo langu. Mto wetu hauna maji ila mvua ikinyesha milimani, siku nyingine zote ni mchanga. Gogo likishakatwa mimi hulizika kwenye mchanga wenye unyevu ili likauke polepole lisipasuke. Nilikuwa nimepiga magoti nachimba kwa mikono. Jua lilikuwa linazama na mbuzi walikuwa wakilia kwa mbali wakirudi zizini.

Mawazo yangu yote yalikuwa kwa mdogo wangu, Losike. Siku hizo alikuwa analala kupita kiasi. Asubuhi hiyo mkewe, Asekon, alikuwa amekuja kunilalamikia.

"Shemeji, ndugu yako ameoa mke wa pili."

"Nani huyo?"

"Usingizi. Na ukiniuliza mimi, anampenda kuliko anavyonipenda."

Tulicheka. Asekon ana mdomo, huwezi kukaa naye usicheke. Lakini sikucheka sana, kwa sababu siku iliyotangulia nilimwamsha Losike mimi mwenyewe, na nilimtikisa mpaka mikono ikauma ndipo akafumbua macho. Losike ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Wengine watatu tulishawazika. Nilikuwa na hofu, ila sikutaka mwanamke aione.

Nilipokuwa nachimba, nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Kikohozi kikavu... kama cha mtu mwenye vumbi kifuani.

Nikageuka. Mzee alikuwa amekaa mchangani, hatua tano tu kutoka nilipokuwa. Sikusikia miguu yake ikija. Alikuwa amejifunga shuka jeusi la zamani, na kichwani alikuwa na nywele za udongo, zilizokandikwa zikakauka kama kofia, zile wazee wa siku hizi hawana tena, na juu yake unyoya mmoja wa mbuni uliovunjika katikati. Alinuka mafuta ya kondoo na ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka. Na chini ya hayo kulikuwa na harufu nyingine... udongo uliotoka kuchimbwa. Nikajiambia ni mchanga wangu huu ninaoufukua.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok, baba. Umetoka wapi jioni hii?"

"Mbali."

Nikaona haya kwa niaba yake. Kwetu mwanaume mzima hatembei bila ekicholong chake, kigoda kidogo cha mti cha kubeba mkononi. Mchana anakikalia, na akilala anakiwekea kichwa. Mwenye nywele za udongo ndiyo kabisa, akilaza kichwa chini nywele zote zinapondeka. Na huyu mzee alikaa chini kama mtoto aliyeachwa na mama yake. Nikachukua changu nikamsogezea.

"Kalia hiki, baba."

Akakitazama. Hakukigusa.

"Hicho kina mtu," akasema.

"Mtu mwenyewe ndiye mimi. Nakukaribisha."

"Kina mtu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ikabidi niiname. "Nataka changu. Wewe si ndiye mchongaji? Nichongee kipya. Kisichowahi kulaliwa na yeyote."

Mimi nikipata kazi, moyo hufurahi hata kama anayeagiza ni wa ajabu. Nikamwambia alale ubavu nimpime. Kigoda si kitu cha kukisia. Unapima kutoka ncha ya bega hadi chini ya sikio, kwa vidole, ukikosea hata upana wa kidole kimoja mtu anaamka shingo imepinda. Akalala. Nikaweka kiganja changu shingoni pake.

Ilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

Na mchana ule ulikuwa wa kuunguza. Hata mchanga ulikuwa bado unachoma magoti yangu. Nikapima haraka haraka nikatoa mkono. Vidole vinne na nusu.

"Fanya upesi," akasema akiwa bado amelala. "Nimechoka kulalia mkono."

Akanionyesha mkono wake wa kulia. Kuanzia kiwiko hadi kifundo ulikuwa umebonyea, umekuwa bapa, kama ulikuwa umelaliwa na kitu kizito kwa muda mrefu sana. Aliupiga kwa ule wa kushoto. Ukatoa mlio wa kuni kavu.

"Umekufa ganzi," akasema.

"Siku nne, baba. Siku ya nne kitakuwa tayari."

"Nne. Sawa." Akainuka. "Kwenu kuna mtu analala sana siku hizi."

Sikuwa nimemwambia chochote. Nilitaka kumuuliza amejuaje, lakini alikuwa ameshaanza kwenda, anafuata mto kuelekea milimani, ule mkono wake unaning'inia tu. Nilibeba gogo langu nikarudi nyumbani mbio, na siogopi kusema kwamba niliogopa.

Kulipokucha nilikwenda kwa Losike. Boma lake liko karibu na langu, ukiita unasikika. Asekon alikuwa nje anakamua mbuzi, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Tangu jana mchana," akasema. "Hajanywa hata maziwa. Na anaimba."

"Anaimba nini?"

"Nenda usikie mwenyewe."

Losike alikuwa amelala chini ya kivuli cha ngozi, ubavu wa kulia, kichwa juu ya kigoda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alikuwa anaimba taratibu, macho yamefumbwa, wimbo wa kumsifu dume lake la ng'ombe, kama wanaume wote wanavyoimba. Lakini kila mtu hapa anajua dume la Losike ni jeupe lenye madoa. Yeye alikuwa anamwimbia dume la kijivu, lenye pembe zilizoinama chini. Na sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeishi miaka mingi.

"Hilo dume la kijivu ni la nani?" Asekon akaninong'oneza.

Nilikuwa natazama kigoda.

Aibu yangu ni hii. Losike alirudi kutoka malisho ya mbali mwezi mmoja nyuma, akaja na kigoda ambacho sikukijua, na mimi mchongaji mzima sikukitazama. Nilidhani amekinunua kwa watu wa huko, nikaudhika kwamba hakutumia changu, nikanyamaza. Sasa nikapiga magoti nikakitazama vizuri. Mti umekuwa mweusi kwa mafuta ya miaka. Miguu miwili iliyoachana, kiuno chembamba, na chini ya kikalio mikato mitatu midogo iliyolala.

Mikato hiyo ni ya baba yangu.

Baba alikufa miaka ishirini iliyopita. Vigoda vyake vyote navijua, na waliovipata nawajua kwa majina, kwa sababu alipenda kutuhesabia. Hiki alimchongea mtu mmoja tu wa milimani, rafiki yake, mwenye dume la kijivu. Mzee Ekuwam. Mimi sikuwahi kumwona, nilimsikia tu.

Tukamwamsha Losike. Asekon alimmwagia maji, mimi nikampiga makofi ya mashavuni, kweli makofi, mpaka akafumbua macho.

"Kigoda hiki umekitoa wapi?"

"Niache nilale."

"Losike! Kigoda cha Mzee Ekuwam umekitoa wapi?"

Alipolisikia jina hilo akanitazama kweli. Akaanza kulia. Ndugu yangu hajalia tangu tulipomzika mama.

"Alifia njiani," akasema. "Tulikuwa tunahamisha ngamia, mimi na yeye peke yetu. Nikamzika pale chini ya jabali jekundu. Hakuwa na mtoto, kaka Ewesit. Nilimlaza vizuri, ubavu wake, kigoda chake chini ya kichwa. Halafu nikakitazama... Kazi ya baba. Ioze ardhini? Nikakitoa."

"Ukakitoa."

"Polepole. Kichwa kilikuwa kizito kwa zile nywele zake za udongo."

"Ukamwekea nini?"

Losike akafumba macho.

"Mkono wake mwenyewe."

Nilimwona tena yule mzee mtoni akijipiga ule mkono bapa, nikakosa pa kujificha. Nilimweleza Asekon yote pale pale, mzee, shingo ya baridi, agizo la siku nne. Tulipomaliza kusema, Losike alikuwa ameshalala. Tukampiga tena, tukamwaga mtungi mzima. Hakuamka tena.

Nikaanza kuchonga kile kipya mchana huo huo. Tezo langu lilikuwa linakwenda kama wazimu. Nilitoa umbo la miguu kabla ya jioni. Lakini siku ya pili Asekon alikuja ananiita kabla jua halijapanda.

"Njoo uhesabu pumzi zake," akasema.

Nikahesabu. Unavuta pumzi wewe, unatoa, unavuta tena, unatoa, unavuta tena... ndipo yeye anavuta moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa anakauka mbele yetu kama kipande cha nyama kilichoanikwa, na bado anaimba, sasa kwa midomo tu bila sauti.

"Siku mbili zaidi," nikasema. "Nitakimaliza."

"Siku mbili hana, shemeji. Huna macho?"

"Basi narudisha hiki hapa. Mzee anataka kigoda, anapata chake. Chake mwenyewe, cha tangu ujana. Atataka nini zaidi?"

Asekon alimtazama mumewe. Halafu akasema kitu ambacho nakisikia hadi leo.

"Lakini mume wangu amekilalia mwezi mzima. Si nyinyi wachongaji mnasema kigoda kikishalaliwa na mtu usingizi wake unakaa humo, mwingine hapewi kukilalia? Mzee si alisema anataka kisicholaliwa?"

Alikuwa amesema kweli. Hiyo ni sheria ya kwetu, baba alinifundisha kabla hajaniruhusu kushika tezo. Na mimi, kwa sababu nilikuwa na hofu, na kwa sababu aliyesema ni mwanamke ambaye hajawahi kukalia kigoda maishani mwake, nikawaka.

"Wewe unajua nini mambo ya vigoda? Mwenyewe wa kwanza ni Ekuwam! Kaa hapo umpe mumeo maji."

Akainamisha kichwa. "Haya, shemeji. Wewe ndiye unayejua."

Tulikitoa pamoja. Asekon alimshika kichwa, mimi nikavuta kigoda. Losike alilalamika usingizini kama mtoto anayenyang'anywa ziwa, akaunyosha mkono hewani akikitafuta. Asekon akamwekea shuka lililokunjwa. Akashika uso wake kwa mikono miwili, na mimi nikaondoka bila kuaga kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Kutoka kwetu hadi jabali jekundu ni mwendo wa nusu siku. Nilifika jua likiwa utosini, wakati ambao hata mbuzi hawatoki kivulini. Hakuna kivuli cha kutisha saa hiyo, hakuna fisi, hakuna popo. Mawe tu na joto. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba mambo ya wafu ni ya usiku, na mimi nimekuja mchana mweupe.

Kaburi lilikuwa rundo la mawe kama Losike alivyosema. Upande wa kichwa palikuwa na tundu. Mawe mawili yalikuwa yamesogea, na tundu lilikuwa linatosha mkono wa mtu mzima.

Nikasimama nikisikiliza.

Khoo... khoo...

Nikadhani ni upepo. Lakini upepo haukuwepo. Jasho langu lilikuwa linashuka moja kwa moja bila kukauka.

Khoo... khoo...

Mtu alikuwa anakoroma chini ya mawe.

Miguu ilitaka kukimbia. Nikaikatalia. Nilimfikiria Losike na ile pumzi moja kwa tatu zangu, nikajilaza kifudifudi, shavu kwenye jiwe la moto.

"Mzee Ekuwam," nikanong'ona. "Mimi ni mtoto wa yule aliyekuchongea. Mdogo wangu amekukosea. Nimekuletea kigoda chako. Lala, baba. Mwachilie."

Mkoromo ukakatika.

Kimya.

Nikaingiza mkono, kigoda kimetangulia. Ndani palikuwa na ubaridi. Nikapapasa kwa vidole... mchanga... jiwe... kisha kiwiko. Mkono umekunjwa. Juu ya mkono, kichwa. Nilikuwa nimejitayarisha kukiinua mwenyewe kwa vidole vyangu, nimeuma meno tayari.

Kichwa kikajiinua chenyewe.

Kikainuka kidogo tu, upana wa kiganja, kikangoja. Kama mtu anayesaidiwa na mkewe kulala. Nikasukuma kigoda chini yake. Nikasikia kile kichwa kikishuka taratibu, kikakaa mahali pake, na vidole vyangu vikabanwa kidogo chini ya shavu. Shavu lilikuwa na joto. Nikachomoa mkono. Kutoka ndani ikaja pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka sana akapata kulala.

Sikuangalia ndani. Ningeweza. Jua lilikuwa linaingia kwenye tundu lile, ningeinamisha kichwa tu ningeona uso. Sikutaka. Nilikusanya mawe, makubwa kwa madogo, nikaliziba tundu nikalishindilia kwa kisigino, nikaongeza mengine juu mpaka mikono ikatoka damu. Halafu nikaondoka bila kugeuka nyuma, nikajisikia mwanaume kweli kweli. Nimemaliza. Nimemwokoa ndugu yangu.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia nikajikuta nimesimama.

Sikusikia chochote. Hakuna aliyeniita. Ni mkono wangu tu ulionikumbusha. Vidole vyangu vilipopita juu ya kile kichwa kukitafuta, viligusa nini?

Viligusa nywele fupi. Zilizonyolewa karibu, zinazochoma kidogo, kama za mtu aliyenyolewa wiki mbili zilizopita.

Mzee Ekuwam alizikwa na nywele zake za udongo. Losike mwenyewe ndiye aliyemzika, na mimi nilimwona mtoni na unyoya wake. Na Losike alinyolewa na mkewe mwezi ulipoandama, mimi nikiwa nimekaa pale nikimtania kwamba kichwa chake ni kama kibuyu.

Nilikaa chini pale pale njiani, juu ya ardhi tupu. Nilisema kwa sauti, "Hapana. Hapana bwana, udongo huanguka. Nywele za udongo huoza zikaanguka." Nikasema mara nyingi. Kurudi kaburini kulikuwa mwendo sawa na kufika nyumbani. Nilitazama huku, nikatazama kule. Nikajiambia, nenda nyumbani kwanza umwone. Kama yuko pale amelala, au amekufa, utajua la kufanya.

Nilifika jua linazama. Kabla sijaingia bomani nikasikia kicheko cha Asekon.

Losike alikuwa amekaa nje, ameamka, kibuyu mkononi, maziwa yamemlowa kidevuni. Alikuwa ananywa kama mtu ambaye hajaonja maziwa mwaka mzima. Aliponiona akainuka akanikumbatia, akanishika uso, macho yamejaa machozi.

"Asante," akasema. "Asante sana, mwanangu."

Asekon akacheka. "Sikia huyo! Njaa imempoteza akili. Mkubwa wako huyo, si mwanao!"

"Eeh, kaka yangu," akasema, naye akacheka. "Nisamehe. Bado nina usingizi."

Mimi pia nikacheka. Nilicheka kwa sababu ndugu yangu alikuwa hai, ana damu usoni, na nilikuwa nimechoka. Nilimshika mikono nikaitazama. Ilikuwa mikono ya Losike, pamoja na kovu la shoka kwenye kidole gumba. Nikala nao. Nikarudi kwangu nikalala.

Kesho yake ilikuwa siku ya nne, ukihesabu na ile ya mtoni. Mdogo wangu alikuja akanikuta karakanani, kile kigoda kipya kiko magotini pangu, kimebaki kusuguliwa tu.

"Usisumbuke tena na hicho," akaniambia kwa upole. "Nimeshapata pa kulala."

Nilimtazama. Huenda Asekon alimweleza habari za agizo. Alikuwa anajua, nilimwambia mimi mwenyewe, na mke humweleza mumewe mambo. Nimejishikilia hapo. Nilikitupa kigoda kile motoni jioni hiyo, na tangu hapo sijachonga kingine.

Sasa ni mwaka. Mbuzi wake wameongezeka, anayajua magonjwa yao kwa harufu, jambo ambalo Losike hakuwahi kulijua. Halewi. Hampigii mkewe kelele. Wazee wanapenda kukaa naye kivulini, wanasema amekomaa ghafla. Dume jeupe la madoa alilichinja, akatafuta dume la kijivu siku nyingi mpaka akalipata, na anazikunja pembe zake ziiname. Asekon ana mimba ya miezi mitano.

Na mimi kila asubuhi naamka nikijua njia ya jabali jekundu. Ni nusu siku tu. Ningeweza kwenda kuondoa mawe yale yote niliyoyapanga kwa mikono yangu. Naweza kukuta mifupa ya mzee na mabonge ya udongo, nikacheka, nikarudi. Au naweza kumkuta ndugu yangu amelala. Mwezi wa kwanza ningeweza kumkuta bado anapumua. Kila siku niliyochelewa iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, na sasa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile. Sijaenda. Mniite mwoga, nakubali.

Wiki iliyopita Asekon alikuja kwangu peke yake. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa. Hakutania. Alikaa mlangoni akiwa ameshika tumbo lake, akatazama nje kwanza, kuelekea bomani kwake, ambako yule bwana alikuwa anaimbia dume lake.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile kaburini. Ulipoingiza mkono... uligusa nini?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo mwaka mzima. Nilikuwa nimepanga majibu. Nilimtazama machoni, nikaona mwanamke ambaye alishaniambia ukweli mara moja nikamnyamazisha. Nikaona pia lile tumbo. Hakuwa anapepesa macho.

"Nywele za udongo," nikamwambia. "Mzee mwenyewe. Nilizishika kwa mkono wangu huu."

Alishusha pumzi. Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, tatu.

"Nilijua," akasema. "Asante, shemeji."

Hakuuliza tena. Aliinuka akishikilia mlango, akachukua kibuyu chake, akaenda kumpelekea mumewe maziwa.